Nimenyimwa visa ya siku 85, na hela ninayo: dosie ilikosea wapi?

Swali: «Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Ruashi, hapa Lubumbashi. Nauza bitenge soko ya Kenya tangu miaka 16. Kenya hiyo ni mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Ni mjane, nina watoto wane, wawili wangali shuleni. Nilitaka kujipa zawadi: siku 85 Ulaya. Siku 35 Liège kwa mdogo wangu, 20 Paris, 10 Lourdes, 20 Roma. Dosie niliipeleka kwa Wabelgiji. Benki nilikuwa na dola 9,400. Tikiti nililipa, hoteli niliweka, mdogo wangu aliniandikia barua kwamba atanikaribisha kwa muda wote wa safari. Wamekatala. Karatasi yao iko na alama mbili: moja inasema sikuhakikisha sababu na masharti ya kukaa kwangu, ingine inasema wako na shaka kama nitatoka mbele visa haijaisha. Sasa mimi nirudi wapi kama si kwa watoto wangu? Kijana mumoja anasema nimupe dola 3,500 anipatie visa kwa nchi ingine, lakini kwanza nibadilishe paspoti. Wengine wanasema nishitaki. Ile hela ya benki ni ya likelemba, mchango wetu wa zamu, na ya akiba ya nyumbani, niliiweka siku 12 mbele ya kupeleka dosie. Paspoti yangu ya zamani iko na visa tatu za Dubai na mihuri ya Tanzania, lakini hawakuiomba, sikuiweka. Nifanye nini?»

Jibu:

Mama, pole sana. Naanza na lile swali ulilolitupa katikati ya barua, «nirudi wapi kama si kwa watoto wangu?», maana mambo yote yamelala hapo. Wewe unajua utarudi. Mimi nikisoma barua yako najua utarudi. Lakini aliyeamua hakusoma barua hii. Alisoma karatasi zako, na karatasi hizo ukizipanga mezani moja moja, hazina mtoto hata mmoja, hazina meza ya soko ya Kenya, hazina Dubai. Zina hela tu, na hela yenyewe imefika juzi.

Kabla hatujaingia humo, tummalize huyo kijana. Ada ya visa ya Schengen, yaani ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Zamani ilikuwa 80. Weka juu yake hela ya huduma ya ofisi inayopokea dosie, bado uko mbali kabisa na dola 3,500. Hiyo tofauti inaishia mfukoni mwake, au inanunua karatasi za benki zilizochongwa na barua ya kazi ya kampuni usiyoijua, na siku zikigunduliwa jina lililo juu ya dosie ni lako, si lake. Na anayekuambia ubadilishe paspoti hajui kilichotokea siku uliyobonyeza vidole kwenye kile kioo. Alama za vidole vyako kumi na picha yako zimeingia katika mfumo wa visa unaosomwa na nchi zote 29 za Schengen, na kukataliwa kwako kumeandikwa humo kwa miaka 5. Chukua paspoti mpya, tumia jina la ndoa, nenda kwa konsula ya nchi nyingine: vidole ni vilevile. Mfumo huo haukuzuii kuomba tena, hata kesho. Unamwonyesha tu ofisa anayefuata kwamba ulishakuja na ukarudishwa. Akikuta umelitaja jambo hilo mwenyewe na ukaeleza kilichobadilika, anaendelea kusoma. Akikuta umelificha, umemrahisishia kazi. Fomu ya Uingereza, kwa mfano, inauliza waziwazi kama umewahi kunyimwa visa ya nchi yoyote, na anayedanganya humo anaweza kufungiwa mlango miaka 10. Mficha uchi hazai, mama. Kukataliwa kwako kutaje.

Kushitaki sasa. Haki hiyo unayo, na karatasi waliyokupa inaeleza pa kwenda. Kwa Ubelgiji ni baraza la kesi za wageni lililoko Brussels, na una siku 30 tangu ulipopewa uamuzi. Lakini ujue baraza hilo linaangalia kama sheria ilifuatwa; halikupi visa. Hata ukishinda, uamuzi unafutwa, dosie inarudi kwenye ofisi ileile iamue upya, na wakati huo umeshamlipa wakili na miezi imepita. Mimi namshauri mtu ashitaki pale ofisi ilipokosea jambo linaloonekana kwa macho: wameandika huna bima, na bima ilikuwa ndani ya dosie. Kwako sioni kosa la namna hiyo. Waliamua kwa karatasi walizokuwa nazo, na kwa karatasi zile hata mimi ningesita. Hakuna muda wa adhabu wa kungoja kabla ya kuomba tena, kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye dosie mpya.

Tuje kwenye siku 85. Sheria ya Schengen inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na wewe hukuvuka. Ndiyo maana wengi wanaomba 85, 88, hata 90 kamili: wameona zimeandikwa, wanazibeba zote, kama mtu aliyeambiwa kwenye harusi ajipakulie anavyotaka. Ila ofisa anajiuliza swali ambalo jirani yako wa meza angejiuliza pia: huyu mama akiondoka karibu miezi mitatu, nani anauza? Kama biashara inaweza kukaa siku 85 bila wewe, basi haikuhitaji sana. Kama haiwezi, basi inaonekana umeamua kuiacha. Kila upande unaogeukia, jibu linakuangukia wewe. Na wale watoto wawili walio shuleni, ambao kwako ndio sababu kubwa ya kurudi, kwa msomaji wanaongeza swali: miezi mitatu yote wanakaa na nani?

Jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Zamani, kabla sijaanza kazi hii ya kuandaa dosie za watu, mimi mwenyewe nilinyimwa, na konsula moja nisiyoitaja. Nilikuwa kijana bila mke, mwajiriwa wa miaka 3, nikaomba siku 60 kumtembelea kaka yangu. Bosi wangu, mtu mwema, aliniandikia barua ya likizo ya siku 60 na kuigonga mhuri mbili, mmoja juu, mmoja chini. Nilitembea nayo kama nimebeba dhahabu. Miaka mingi baadaye, nikisoma sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 kwa ajili ya dosie ya mtu mwingine, nikafika kwenye likizo: mfanyakazi mtu mzima ana haki ya angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliofanya kazi. Miaka 3, siku 36. Hata kama sikuwa nimepumzika siku moja tangu niajiriwe, 60 zilitoka wapi? Naamini barua ya bosi ndiyo iliyoniangusha, kwa sababu ilikuwa nzuri kupita ukweli. Hakuna aliyeniambia. Ile karatasi haielezi, inatia alama kwenye kisanduku, basi.

Wewe huna bosi, kwa hiyo hakuna wa kukupa likizo. Likizo yako unajipa mwenyewe, na inabidi uionyeshe inavyowezekana.

Sasa hela, na hapa nitakaa kidogo. Wengi wakikataliwa wanasema «hela haikutosha», wanaenda kukopa zaidi. Tazama karatasi yako vizuri: kipo kisanduku cha mtu asiye na hela ya kujitunza safarini, na kwako hakikutiwa alama. Ubelgiji una kiwango chake: euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, 45 kwa siku kwa anayelala kwa mwenyeji. Siku zako 35 za Liège ni euro 1,575. Zile 50 za hoteli ni 4,750. Jumla 6,325. Dola zako 9,400, hata ukizigeuza euro, zinapita hapo. Kiasi hakikuwa shida. Shida ilikuwa mwendo wake.

Karatasi yako ya benki sijaiona, lakini naweza kuichora. Miezi miwili na zaidi ya mistari midogo: dola 140 zimeingia, 95 zimetoka, 210, 60, na benki inajikatia vidola vyake vya kila mwezi. Halafu siku moja, mstari mmoja, elfu tisa na kitu, zimeletwa mkononi. Halafu karatasi inaisha. Anayesoma mistari hiyo kule Brussels anafanya kazi hii kila siku. Mstari wa namna hiyo ameuona mara nyingi, na mara nyingi ulikuwa wa hela iliyokopwa kwa wiki mbili ili ipigwe picha, kisha irudi kwa mwenyewe. Tusidanganyane, mjini humu wapo wanaokopesha hela ya kuonyesha. Wewe si mmoja wao, lakini mstari wako unafanana na wao.

Na hapo ndipo likelemba inapouma. Sisi tunajua ni kitu cha heshima. Mama anayetoa zamu yake bila kukosa mwaka mzima ni mtu wa kuaminika kuliko wengi wenye akaunti tatu. Lakini likelemba kwa asili yake inalipa kwa mkupuo: unatoa kidogo kidogo, unapokea siku moja fungu zima. Ukilipeleka benki bila maneno, fungu hilo lina sura ileile ya mkopo. Kwa hiyo lipe maneno. Kile kitabu cha likelemba chenu, kile cha mistari chenye majina upande wa kushoto na alama za kila wiki, piga kopi ya kurasa zinazoonyesha jina lako, tarehe na kiasi, tangu zamu ilipoanza hadi ulipopokea. Mwombe mama anayeshika kitabu aandike barua fupi: kikundi kina watu wangapi, kila mmoja anatoa kiasi gani, wewe ulipokea lini na shilingapi. Atie sahihi na kopi ya kadi yake ya uchaguzi, maana ndiyo kitambulisho chetu. Kama mnatumiana michango kwa M-Pesa au Airtel Money, omba orodha ya miamala yako. Mstari wa simu wenye tarehe una uzito kuliko barua. Na zamu nyingine ikifika, usilale nayo nyumbani. Iende benki siku hiyohiyo au kesho yake, na kwenye bordero ya kuweka hela andika sababu kwa herufi kubwa.

Akiba ya nyumbani ni ngumu zaidi. Hela ya chini ya godoro haina karatasi na haitapata. Usijaribu kuitungia. Ianzishie maisha mapya: kuanzia wiki hii, kila Jumatatu peleka benki sehemu ya mauzo ya wiki iliyopita, hata dola 80, hata 50. Najua benki inakata na najua foleni. Lakini baada ya miezi 6 karatasi yako itakuwa na mistari ya mtu anayefanya biashara, inapanda wiki nzuri na kushuka wiki mbaya, na hiyo ndiyo sura ya ukweli. Mara nyingi wanaomba miezi 3 ya mwisho. Wewe peleka 6. Na zile 9,400 zilizopo sasa zisitoke zote kwa hasira. Zikitoka mara moja baada ya kukataliwa, dosie ijayo itaonyesha hilo pia, na utakuwa umewahakikishia kile walichokishuku.

Kisanduku cha kwanza, kile cha sababu na masharti ya kukaa, nadhani kimetokana na barua ya mdogo wako. Ameandika atakukaribisha «kwa muda wote wa safari». Wewe umeweka hoteli za siku 50. Basi siku ya 40 unalala wapi, Liège au Paris? Karatasi moja inasema hapa, nyingine inasema kule, na zote mbili zimetoka mkononi mwako. Hakukudhuru kwa makusudi, aliandika kwa upendo, lakini barua ya mwenyeji haiandikwi kwa upendo. Iandikwe kwa tarehe: anwani, siku ya kufika, siku ya kuondoka, undugu wenu ni upi, chumba utakachokaa. Akitaka pia kubeba gharama zako, barua ya kawaida haitoshi. Ubelgiji una fomu yake ya kumdhamini mgeni, inaitwa annexe 3bis. Anaitia sahihi kwenye komini, yaani manispaa, anayoishi na kuambatanisha karatasi za mshahara wake, na serikali inaweza kumdai kama mgeni akileta gharama. Kama hela yako inatosha, mwache na barua tu. Mtu asitie shingo yake kwenye fomu ambayo huihitaji.

Paspoti ya zamani, mama! Nilipofika kwenye mstari ule wa barua yako nilicheka peke yangu, si kwa kukucheka. «Hawakuiomba, sikuiweka.» Hicho ndicho kitu chenye nguvu kuliko vyote ulivyonavyo, na kilibaki kwenye kabati. Visa tatu za Dubai maana yake mara tatu ulipewa ruhusa ya kuingia nchi yenye hela na kazi, na mara tatu ulitoka kwa wakati ukarudi Ruashi. Mihuri ya Tanzania inasema kitu hicho hicho. Dosie ya kwanza ilikuonyesha kama mtu ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Kasumbalesa, halafu ghafla anaomba miezi mitatu Ulaya. Piga kopi ya kila ukurasa wenye muhuri, hata uliofifia, na ubebe paspoti yenyewe. Tafuta pia fakture za bitenge ulizonunua huko Dubai na Dar es Salaam na karatasi za duane (forodha) za kuingiza mzigo. Zinaunganisha mihuri na meza yako ya soko, na ghafla safari zako zina sababu.

Meza yenyewe ionyeshe hivi: karatasi za biashara, iwe ni patenti ya mfanyabiashara mdogo au usajili wa RCCM, daftari la serikali la biashara, kama umefika huko, risiti za kodi ya soko za mwaka mzima, hata zile ndogo zinazokunjwa na kutupwa, picha mbili za meza yako wewe ukiwepo. Andika pia nani atauza usipokuwepo, dada, binti mkubwa, msaidizi, na yeye atie sahihi. Watoto: vyeti vya kuzaliwa, na kwa wawili wa shule, karatasi ya shule inayosema wameandikishwa mwaka huu, pamoja na risiti za ada. Cheti cha kifo cha mume wako kiwemo. Najua kukitoa kwenye bahasha si jambo dogo, lakini bila hicho hawajui kwamba wewe ndiye mzazi pekee aliyebaki. Parseli, yaani kiwanja, kama ipo kwa jina lako, weka sertifika yake, ndiyo hati miliki. Kama una karatasi za komini tu, weka hizo na uziite jina lake, usiandike «hati miliki» kwa kitu ambacho si hati miliki.

Safari mpya ningeipanga hivi. Siku 24. Liège 12, Paris 4, Lourdes 3, Roma 5. Liège ibaki na siku nyingi kuliko kila mahali, maana dosie inapelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Kwa kiwango cha Ubelgiji, siku 12 kwa mdogo wako ni euro 540, siku 12 za hoteli ni 1,140, jumla 1,680. Ukionyesha akaunti yenye mara tatu au nne ya hiyo, iliyojaa polepole, huna haja ya kuonyesha zaidi. Utaniambia siku 24 ni chache kwa tikiti ya bei ile. Kweli. Lakini ukienda siku 24 na kurudi kwa tarehe, visa inayofuata utaiomba ukiwa mtu mwingine kabisa machoni pao.

Tarehe zitoke kwenye biashara yako. Wewe unajua kuliko mimi: bitenge vinatoka sana Desemba, halafu vinatoka tena kwa ajili ya tarehe 8 Machi, wamama wote wanapotafuta kitambaa cha sikukuu. Baada ya hapo soko inapumua. Kwa hiyo peleka dosie katikati ya Machi, mauzo ya sikukuu yakiwa yameshaonekana benki, na safari iwe tarehe 10 Mei hadi 2 Juni. Mei ni mwezi wa Maria. Kwa mtu anayekwenda Lourdes hakuna haja ya kueleza zaidi. Sheria inakuruhusu kupeleka dosie kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu linatakiwa litoke ndani ya siku 15, lakini wanaweza kuvuta hadi 45. Kutoka katikati ya Machi hadi tarehe 10 Mei hata 45 zinaenea.

Juu ya dosie weka barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja. Iandike kwanza kwa Kiswahili unavyosema, halafu mtu aigeuze Kifaransa bila kuipamba. Kitu kama hiki:

«Mnamo mwaka jana niliomba visa ya siku 85, ikakataliwa. Nimeelewa kwamba muda ulikuwa mrefu kwa mtu mwenye biashara na watoto, na kwamba sikueleza hela yangu inatoka wapi. Sasa naomba siku 24. Nauza bitenge soko ya Kenya tangu miaka 16. Nimechagua Mei kwa sababu baada ya 8 Machi mauzo yanapungua. Dada yangu atauza mezani na kukaa na watoto wangu wawili wanaosoma. Barua yake iko ndani. Nimekwenda Dubai mara tatu kununua mzigo na kurudi kila mara. Paspoti ya zamani iko ndani. Hela iliyoingia kwa fungu ni zamu yangu ya likelemba. Kopi za kitabu ziko ndani.»

Hakuna «nawasihi kwa unyenyekevu», hakuna Mungu awabariki, hakuna kusifia Ulaya. Kila sentensi ina karatasi nyuma yake, na ile isiyo na karatasi itoe. Siku ya kupeleka dosie wakikuuliza swali dirishani, jibu kile kilicho kwenye barua, kwa maneno machache. Huyo wa dirishani mara nyingi siye anayeamua. Dosie nyingi zinaamuliwa Brussels, kwenye ofisi ya wageni. Usimkasirikie, usimbembeleze.

Kuhusu hela uliyokwisha kupoteza: ada ya visa hairudi. Tikiti, soma masharti yake. Hata ile isiyorudishwa mara nyingi ina kodi za viwanja vya ndege ambazo unaweza kudai kama hukupanda, na inabidi udai wewe, hawatakupigia simu. Bima, mpelekee aliyekuuzia kopi ya karatasi ya kukataliwa, kampuni nyingi zinarudisha. Na mara hii usilipe tikiti kabla ya visa. Wanachohitaji ni rezavesheni inayoonyesha kwenda na kurudi. Bima ndiyo lazima ununue kabla: iwe inafaa nchi zote za Schengen, kiwango kisipungue euro 30,000, na tarehe zake zifunike siku zote 24. Nimeona dosie ikirudishwa kwa bima iliyoisha siku moja kabla ya ndege ya kurudi.

Kitu kidogo cha mwisho, kwa kuwa umekaa bila kusafiri muda: angalia kama kadi yako ya manjano ya chanjo bado iko pamoja na ile paspoti ya zamani. Brussels hawataijali sana, lakini ukishuka uwanja wa ndege wa Luano tarehe 2 Juni ndiyo watakayokuomba kwanza.